Kwinini: Mti Uliotuponya na Mtu Aliyesahauliwa

Uani kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ulikuwako mwarobaini mmoja mkubwa, na kila aliyeshikwa na homa mle nyumbani alianzia kwa mti ule. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alichuma majani akayatokosa katika sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake, na sisi watoto tukiisikia tu harufu yake tulitafuta pa kujificha. Basi siku nilipoonja kwinini kwa mara ya kwanza sikushangaa. Uchungu ule nilikuwa nikiujua. Nikaamini, na nikabaki nikiamini mpaka nikaota ndevu, kuwa kwinini si kitu kingine ila ni mwarobaini wa uani kwetu, Wazungu wameusaga wakautia katika kidonge.

Najua si mimi peke yangu. Hata leo ukikaa barazani baada ya swala ya alasiri, mazungumzo yakafika kwenye homa, hakosekani mtu mzima wa kukuhakikishia jambo hilo. Lakini sivyo. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani. Kwinini yatoka kwa mti mwingine kabisa, usio wa ukoo wake, mti ambao wengi wetu tuliokulia mwambao hatujauona kwa macho. Leo, msomaji, nataka tuutembelee mti huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa ulimrudisha mdogo wangu duniani. Ya pili nitaitaja tukifika.

USIKU WA NYUNI

Ilikuwa mwaka 1979, wakati wa masika. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa, na mdogo wangu hajatimiza minne. Alishinda na homa mchana kutwa, na ulipofika usiku macho yakapanda juu, meno yakakazana, viungo vikawa kama mti mkavu. Wazee wakatazamana. Neno likapita chini chini: nyuni. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Ni yule ndege asiyeonekana ambaye wazee wetu walisema huwapitia watoto wachanga usiku, na wengine huita degedege.

Akaitwa mwalimu wetu wa chuoni. Alikuja na kanzu yake ya kulalia, akaketi kitako mkekani, akamsomea mtoto muda mrefu. Akaandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji, mtoto akapakwa midomoni. Kisha akasimama, akamwambia baba yangu maneno ambayo sijayasahau: "Mimi kazi yangu nimeimaliza. Sasa mpeleke hospitali. Usingoje alfajiri."

Bibi alitaka kungojwa kidogo. Mwalimu hakujibishana naye. Alimchukua mtoto mwenyewe, akamfunika kwa kikoi, akatangulia mlangoni. Kukapatikana gari la jirani.

Huko hospitali mtoto alitundikiwa chupa ya maji yenye kwinini, matone yakishuka moja moja hadi mshipani. Siku ya tatu alifumbua macho akamtazama mama, na jambo la kwanza alilosema ni kuwa masikioni mwake mmeingia nyuki. Mama alilia kwa hofu, daktari akacheka. Ndiyo desturi ya kwinini, alisema. Dawa hiyo huvumisha masikio, na nyuki hao wataondoka. Wakaondoka kweli. Mdogo wangu leo ni baba wa watoto wanne, na hasikii vibaya ila anapoitwa kulipa deni.

Tuliporudi chuoni nilimwuliza mwalimu kwinini imetoka wapi. Akasema hajui, lakini kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoshushwa bila ya dawa yake, na kazi ya mja ni kuitafuta. Tangu siku ile nikawa naitafuta habari ya mti ule kidogo kidogo, kama mtu aokotaye shanga zilizokatika uzi.

JAMAA YA MBUNI

Mti wenyewe kwa lugha ya wataalamu wa mimea huitwa Cinchona. Hilo si jina la mti mmoja; ni jina la kundi lenye aina zaidi ya 20. Ajabu ni kuwa ni wa ukoo mmoja na mbuni, kwa hiyo kila anywaye kahawa chungu kwa kipande cha halua amekwisha kukutana na binamu yake. Ni mti usiopukutisha majani yote kwa pamoja. Majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, maua yake ni madogo ya rangi ya waridi au meupe, yenye harufu nzuri na vinyweleo pembeni, na mbegu zake ni nyepesi mno, kila moja ina bawa lake la kupeperukia.

Kwao ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, tangu Venezuela na Colombia hadi Ecuador, Peru na Bolivia. Joto la pwani haulitaki. Hupenda miteremko yenye ukungu na mvua, baina ya mita 1,000 na mita 3,000 juu ya bahari. Watu wa Peru wameuheshimu hata wakauweka katika nembo ya taifa lao tangu mwaka 1825.

Dawa imo katika gome. Gome hubanduliwa, likaanikwa, likajikunja lenyewe kama mdalasini. Ndani yake mna vitu vichungu kadhaa vyenye nguvu, na mashuhuri kati yake ni kwinini. Jina hilo latokana na neno la Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ile: kina, yaani gome. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Paris, Pierre Pelletier na Joseph Caventou, walifaulu kuitenga kwinini na gome lake, na tangu hapo mgonjwa hakuhitaji tena kunywa unga wa magome bila ya kujua amekunywa nguvu kiasi gani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kijidudu cha malaria, ambacho daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikiona katika damu ya askari huko Aljeria mwaka 1880, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzila. Katika kula kwake hubaki sumu ambayo kijidudu huifungafunga isimdhuru. Kwinini huivuruga kazi hiyo ya kufunga, basi mla damu huuawa na mabaki ya chakula chake mwenyewe. Na aliyethibitisha kuwa mbu ndiye hubeba kijidudu hicho ni Ronald Ross, akiwa India mwaka 1897. Bibi yangu hakuyajua hayo, lakini chandarua alikifunga kila magharibi.

Hapa pana jambo la kumfanya mtu anyamaze akafikiri. Wataalamu wengi wanaona kuwa malaria haikuwako katika Amerika kabla ya mwaka 1492. Ilivushwa bahari katika miili ya watu waliotoka Ulaya, na katika miili ya Waafrika waliofungwa minyororo ndani ya majahazi ya watumwa. Maana yake ni kuwa ule mti ulisimama katika ukungu wa Andes karne na karne ukiwa na dawa ya ugonjwa ambao nchi ile haikuwa nao. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha tiba homa za vipindi, ile irudiayo siku ya tatu na ile irudiayo siku ya nne, na waganga wa Ulaya wakamsoma kwa karne nyingi. Ugonjwa aliujua vizuri. Dawa yake ilikuwa ng'ambo ya bahari ambayo hakuna aliyekuwa amesikia habari zake.

DAWA HAINA MADHEHEBU

Wahispania walipoitawala Peru, walioshughulika zaidi na gome hili walikuwa mapadre wa Kijesuiti. Walijifunza kwa wenyeji, na katika karne ya 17 wakalifikisha Roma, mji ambao wakati huo ulizungukwa na vinamasi na kuuawa kwa homa kila kiangazi. Mwaka 1649 ilitolewa huko karatasi ya maelekezo ya namna ya kulinywa. Kwa hiyo gome likaitwa unga wa Majesuiti.

Jina hilo likawa balaa. Waingereza na wengineo waliokuwa Waprotestanti walimwogopa Papa kuliko homa. Walisema unga ule ni hila ya kuwamaliza. Yasimuliwa kuwa Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza aliyekufa mwaka 1658 baada ya kusumbuliwa na homa, aliukataa kwa sababu hiyo. Sina ushahidi wa kuapia kisa hicho, lakini chuki yenyewe ilikuwapo.

Aliyetajirika na chuki hiyo ni Mwingereza mmoja mjanja, Robert Talbor. Huyu aliwaonya watu hadharani wajihadhari na unga wa Majesuiti, na papo hapo akawauzia dawa yake ya siri. Alimponya Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, kisha akaitwa Ufaransa kumponya mtoto wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Louis akainunua siri ile kwa sharti asiitangaze mpaka mwenyewe afe. Talbor alikufa mwaka 1681. Siri ilipofunuliwa mwaka uliofuata, ikaonekana ni gome lile lile, limezamishwa ndani ya mvinyo.

Nimekitaja kisa hiki kwa makusudi. Sisi Waislamu wa pwani tusiwacheke sana Waprotestanti wale. Ni mara ngapi tumesikia chanjo ikikataliwa kwa kuwa imetoka mikononi mwa fulani? Dawa haina madhehebu. Kuhoji ni haki, na aliye na shaka aulize wajuzi. Lakini kumwacha mtoto afe kwa sababu chupa imeandikwa kwa herufi za mgeni si dini. Mwalimu wangu, aliyehifadhi Kurani yote kifuani, hakuliuliza gome lile lilikuwa la dhehebu gani.

JINA LA NANI?

Sasa nimefika kwenye ile sababu yangu ya pili, nayo ni habari ya majina.

Kwa nini mti huu ukaitwa Cinchona? Mwaka 1663 mtu mmoja wa Genoa, Sebastiano Bado, aliandika kuwa mke wa gavana wa Peru, mwenye cheo cha Countess wa Chinchón, aliugua homa huko Lima, akaponywa na gome, akalichukua kwenda nalo Hispania kuwagawia maskini. Hadithi tamu. Mwaka 1742 mtaalamu mkuu wa majina ya mimea, Carl Linnaeus wa Sweden, akaupa mti jina la mama huyo, na katika kuandika akaidondosha herufi moja, Chinchón ikawa Cinchona. Katika karne ya 20 wachunguzi walisoma shajara ya kazi za gavana yule, wakakuta hakuna habari ya mkewe kuugua homa hiyo wala kuponywa na gome. Na Hispania hakufika nalo, kwani alifariki njiani mwaka 1641, huko Cartagena. Basi mti mkubwa namna ile una jina la mtu ambaye huenda hata kuuonja hakuuonja.

Aina yake bora nayo iliitwa ledgeriana, kwa jina la Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Peru na kufanya biashara ya sufu ya alpaka. Huyu alikuwa na mtumishi Mwaymara wa Bolivia aitwaye Manuel Incra Mamani. Mamani ndiye aliyekuwa mjuzi. Aliweza kuutazama msitu akakuambia mti gani gome lake ni zito kwa dawa na upi ni mtupu, elimu aliyoirithi kwa jamaa zake wakataji magome.

Zama hizo dola za Ulaya zilikuwa zikigombania mbegu. Waholanzi walitaka kuupanda mti Java. Waingereza walimtuma Clements Markham mwaka 1860 auchukue kwenda India. Waliupata, lakini aina walizozipata nyingi zilikuwa hafifu. Ledger akamwomba Mamani mbegu za aina iliyo bora. Mamani akaenda milimani, akangoja. Baridi kali iliyaharibu maua miaka minne mfululizo. Hakurudi mikono mitupu. Alingoja hadi mbegu zikapatikana, na mwaka 1865 akamletea Ledger, baada ya kutembea masafa marefu kwa miguu akiipita milima.

Ledger alizipeleka London kwa ndugu yake azitembeze. Serikali ya Uingereza ikazikataa. Waholanzi wakanunua ratili moja. Ratili moja, msomaji, kama ununuavyo sukari dukani! Kwa ratili hiyo Java ikageuka kuwa ufalme wa kwinini. Magome ya baadhi ya miti ile yalitoa kwinini hadi asilimia 13, na kufikia miaka ya 1930 zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kwinini ya dunia nzima zilitoka kisiwa hicho.

Na Mamani? Ledger alimtuma tena kutafuta mbegu. Bolivia haikutaka mbegu zake zitoke nje. Mwaka 1871 alikamatwa, akafungwa, akapigwa ili amtaje aliyemtuma. Hakumtaja. Kwa mateso yale akafa. Ledger yeye aliishi mpaka mwaka 1905, akafia Sydney, Australia, akiwa amepewa na Waholanzi malipo madogo ya uzeeni.

Siku niliyoisoma habari hii nilikiweka kitabu chini nikanyamaza. Nilimkumbuka mdogo wangu na nyuki wake. Tangu utotoni nilimshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, nikamshukuru mwalimu. Jina la Mamani nilikuwa sijalisikia hata siku moja. Usiku ule nilitunga ubeti huu:

Mti ulotupa dawa, una jina la mgeni,
Mbegu aliyezitowa, alikufa mashakani,
Wema tuliotendewa, haulipwi kwa thumuni,
Haki yake kutajiwa, jina lake hadharani.

UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Lakini nisiusifu mti huu kwa jicho moja. Kwa Afrika, kwinini ilikuwa upanga wenye makali mawili.

Kwa muda mrefu homa ndiyo iliyokuwa askari wa bara letu. Sisi wa Mombasa tunalo kaburi la ushahidi. Mwaka 1844 mhubiri Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika hapa na mkewe Rosine. Kabla ya mwaka kwisha mke na mtoto mchanga wote walikuwa wamekufa kwa homa, na kaburi la mama huyo liko Nyali hadi leo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1854, daktari William Baikie aliupanda Mto Niger kwa meli, akawanywesha watu wake kwinini kila siku kabla ya kuugua. Wakaenda wakarudi, na homa haikumwua Mzungu hata mmoja. Habari hiyo ilifungua mlango. Wapelelezi, wafanyabiashara, na nyuma yao majeshi, wote waliingia bara wakiwa na chupa ya kwinini mfukoni. David Livingstone, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 kwenda bara, aliibiwa sanduku lake la dawa Januari 1867, na mwenyewe aliandika kuwa alijiona kama aliyehukumiwa kifo. Kwa hiyo gome la Andes limo katika historia ya kutawaliwa kwetu kama ilivyomo bunduki.

Wajerumani waliotawala Tanganyika walilijua hilo. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara juu ya Muheza, mahali penye ukungu na mvua kama Andes, na miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo huu. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, manowari za Kiingereza zikaufunga mwambao, dawa kutoka Ulaya zikakatika. Amani wakatengeneza kwinini ya magome yao wenyewe. Baadaye, jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilipokuwa likikimbizwa kusini, askari walikunywa maji ya magome yaliyochemshwa tu, machungu hata wakayapa kwa mzaha jina la kileo, wakiunganisha na jina la jemadari wao. Na katika vita hivyo hivyo wapagazi wa Kiafrika walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Hao nao majina yao ni machache yanayojulikana.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, na kwa siku chache Waingereza na Wamarekani wakajikuta hawana kwinini. Ndipo jitihada za kuunda dawa za maabara zikashika kasi, na baada ya vita klorokwini ikatawala. Hata hivyo mti haukufa. Ulikuwa umepandwa pia Kivu, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili huko Kongo, na Bukavu pakawa na kiwanda cha kutengeneza kwinini. Klorokwini ilipoanza kushindwa na vijidudu vilivyoizoea, ni kwinini iliyorudi kuokoa watoto waliozidiwa.

MUHEZA NA KILIFI

Mwisho wa enzi yake ulifika karibu na kwetu, na sina hakika kama watu wa pwani wanalijua hilo. Baina ya mwaka 2005 na 2010 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika nchi tisa za Afrika, kwa watoto 5,425 waliozidiwa na malaria. Nusu walitibiwa kwa sindano ya kwinini, nusu kwa sindano ya artesuneti, dawa iliyotokana na pakanga ya Kichina, ambayo siri yake iligunduliwa na mwanamke wa China, Tu Youyou, aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 2015. Kati ya hospitali zilizoshiriki ilikuwamo ya Kilifi, na ilikuwamo ya Muheza, chini ya milima ile ile ya Amani. Matokeo yalikuwa wazi. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109. Katika waliopewa artesuneti walikufa 85. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto waliozidiwa wapewe artesuneti. Kwinini ikabaki akiba, ya kutumiwa pale sindano hizo zinapokosekana.

Kwa homa isiyozidi, Kenya iliamua mwaka 2004 kutumia dawa mseto, na ndizo tunazopewa leo. Si chungu sana, na hapo ndipo wazee wengine hutilia shaka. Nasema kwa heshima zote: uchungu si kipimo cha dawa. Aliyebaki na vidonge vya zamani asimpe mtoto kwa kukisia, maana kwinini ikizidi hudhuru moyo na macho. Na mtoto aliyekaza viungo kwa homa, asomewe, lakini asomewe njiani.

Jambo la mwisho ni la kujilaumu mwenyewe. Bibi yangu alifariki mwaka 1991. Mbali na mwarobaini, alijua mizizi na magome mengi yaliyoletwa na jamaa zake wa mashamba, kila kimoja na ugonjwa wake. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kushika kalamu. Niliandika habari za wabunge na za mashindano ya mpira. Sikuwahi kuketi naye jioni moja nikaandika mti huu waitwaje, na nani alimfundisha. Alikwenda na vyote. Kama kulikuwa na kwinini nyingine ndani ya kapu lake, Mungu ndiye ajuaye. Wewe ambaye bibi yako yu hai, chukua daftari leo, na ukiandika jina la mti, andika na jina lake.

Mtu atauliza, mbona wewe mwenyewe hukumtaja mwalimu wako? Nilimwomba ruhusa miaka ile akiwa hai, nikitaka kuandika kisa cha usiku ule. Alinikataza. Alisema jambo alilifanya kwa ajili ya Mungu, na hataki malipo yake yapunguzwe kwa sifa za gazetini. Nimeishika amana yake. Lakini yeye aliulizwa, akachagua. Manuel Incra Mamani hakuna aliyemwuliza.